Nukta Pembeni mwa Ukurasa

Kituoni, 12 Januari

Shemeji,

Nimefika salama. Gari la mahitaji lilinishusha getini pamoja na magunia ya mkaa, na kwa vumbi nililokuwa nalo nadhani mpishi wetu alitaka kunipanga stoo na mengine. Watu wa hapa wamenipa pole kwa mkono, kisha kwa maneno, na sasa wamebaki kunipa pole kwa macho, ambayo ndiyo inayochosha kuliko zote. Msimamizi alitaka kunipunguzia zamu, nikakataa. Saa tatu asubuhi nasoma kipimajoto, natazama kipimamvua, naandika. Saa tisa nasoma tena. Siku ikiwa na kazi mbili ndogo kama hizo, mtu anakuwa na pa kushika.

Nina ombi. Wakati ule nyumba imejaa watu uliniambia kwamba mwaka wake wa mwisho dada yako alikuwa akishinda kwako maktaba, anasoma vitabu vya misiba. Sikukuuliza zaidi, kila kiti kilikuwa na masikio. Nimekuwa na mke miaka ishirini na sita, karibu yote kwa barua na likizo, na sikujua kwamba anasoma vitu hivyo. Mimi aliniandikia habari za paa na za binti yetu. Naomba unitumie vitabu hivyo, vilevile alivyoviacha. Nataka kupita alikopita.

Jambo la pili nalisema bila ubaya. Nimeangalia daftari la simu la hapa ofisini. Wiki ile nzima simu ilikuwa inafanya kazi. Ya kwanza kutoka kwako imeandikwa Jumanne, saa kumi jioni, wakati yote yamekwisha. Ulisema ilikuwa ghafla, nami nimekuamini. Ila nauliza: hakuniulizia? Hata mara moja?

Shemeji yako wa mlimani


Maktaba, 20 Januari

Shemeji yangu,

Salamu zangu leo ni chache, zipokee hivyohivyo. Barua yako imenikuta nimezungukwa na vitabu vya watoto vilivyonyeshewa. Paa la chumba chao lilivuja wikiendi nzima na hakuna aliyejua. Mkutubi mkuu ameniambia nivikaushe kimoja kimoja, yeye mwenyewe akivishika kwa vidole viwili kama anatoa panya mtegoni. Nimevianika kwenye kamba kama nguo. Mgongo si wangu tena.

Nakutumia viwili. Kimoja ni riwaya ya mjane. Kile kinene ni cha mtafiti aliyewahoji watu mia moja na kumi na wawili waliofiwa. Usishangae hali yake. Dada hakuwa anaazima kwenye rafu za mbele kama watu wengine. Alikuwa anakaa humu kwangu, chumba cha nyuma ya ngazi, miguu juu ya kigoda, anachukua kutoka kwenye foleni ya vitabu vinavyosubiri uzi na gundi. Nilimwambia, Dada, hivyo ni vigonjwa. Akasema, "Basi tunafaana." Siku nyingine nikamuuliza kwa nini anasoma mambo ya vifo wakati daktari bado anazungumzia vidonge. Alisema anataka kujua anatuachia kazi gani.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Kuhusu swali lako, alikutaja kila siku, kama mke anavyomtaja mume. Usijichimbe, Shemeji. Kula, hata kama mpishi wenu hajui kupika.

Shemeji yako


Kituoni, 9 Februari

Shemeji,

Vitabu vimefika, vimekaliwa na gunia la unga lakini vizima. Riwaya nimeimaliza kwa siku nne. Huyo mjane mwanzoni ananikera: kila mtu anamwelekeza alie lini na anyamaze lini, naye anatii, mpaka ukurasa wa mia mbili anapovunja sahani zote za nyumba. Hapo nikampenda. Mtafiti naye ni mtu mwangalifu. Anasema huzuni haina ngazi, kwamba watu aliowahoji walipanda, wakashuka, wakakaa chini katikati wakakataa kuondoka. Anasema wengi huendelea kuweka vikombe viwili mezani. Mimi huku juu nimeweka kikombe kimoja miaka yote, kwa kuwa mwenzangu alikuwa mjini. Sijui angenitia katika kundi gani.

Lakini siyo hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Shemeji, dada yako ameacha alama. Pembeni mwa kurasa kuna nukta za penseli, ndogo, nyepesi, lazima uelekeze ukurasa dirishani ndipo uzione. Mwanzo nilidhani ni uchafu wa nzi. Nimezihesabu zote: riwaya ina ishirini na tatu, kitabu cha mtafiti kina kumi na nane. Nimechora jedwali lenye ukurasa, mstari, na maneno yaliyo kando ya nukta. Mpishi ameniuliza kama ni takwimu za mvua, nikamwambia ndiyo.

Nyingine sizielewi. Kuna moja iko kando ya mstari unaosema kuku walikuwa wamelala. Lakini soma hizi. Riwaya, ukurasa wa 61: "Anayekupenda hufika kabla hajaitwa." Ukurasa wa 140: "Akautazama mlango, si kwamba alikuwa anamtarajia mtu." Na kwa mtafiti, ukurasa wa 88: "Wanaume wengi waliohojiwa walikuwa kazini."

Nimeusoma huo wa 88 nikaondoka mezani. Saa tisa ilipita nikasahau kusoma kipimo. Miaka thelathini sijawahi kusahau.

Ulijua kwamba anaweka alama?

Shemeji yako


Maktaba, 17 Februari

Shemeji yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Watu husoma na penseli mkononi, Dada alikuwa mwalimu, mkono wa mwalimu hautulii. Moyo wa mtu ni kichaka. Mimi nisingezitilia maanani sana hizo nukta. Kama zinakufariji, sawa. Kama zinakuumiza, funga kitabu unirudishie, kina kazi ya kufanyiwa.

Binti yenu alikuja Jumapili. Tulitoa nguo za Dada kabatini tukazipanga kwenye masanduku, tukafunga, tukanywa chai. Kisha bila mtu kumwambia mwenzake tukafungua masanduku tukazirudisha. Tulikuwa tumechoka mno hata kucheka. Alipoondoka aliniuliza kama baba yake atashuka akistaafu. Nikasema atashuka, aende wapi tena.

Huku watu wameacha kuniuliza hali. Miezi mitatu imetosha, wanaona nimepona. Juzi mkutubi mkuu ameniambia nina bahati ya kuwa na kazi ya mikono, kwamba inasahaulisha. Nikamwambia ni kweli. Nilikuwa nashona kitabu cha mapishi ambacho kurasa zake zote nilizipanga kichwa chini.

Shemeji yako


Kituoni, 3 Machi

Shemeji,

Nakushukuru kwa kunitetea mbele ya mke wangu, lakini mimi kazi yangu ni kusoma vitu vidogo. Ikinyesha milimita moja, mtu wa kawaida atakwambia hakukunyesha. Ikinyesha milimita moja siku kumi na moja, mimi naandika kwamba kulikuwa na mvua. Nukta kumi na moja kati ya arobaini na moja zinahusu kusubiri, au mlango, au mtu ambaye hayupo. Kuku nimewaacha nje ya hesabu.

Nimelielewa hivi. Dada yako alikuwa na neno nami na hakupenda kunilaumu kwa barua, maana barua zake alijua nazisoma peke yangu huku juu. Akaliacha kitabuni. Ni haki yake. Nilikuwa kazini, kama wenzangu wa ukurasa wa 88. Likizo yangu ilikuwa ianze tarehe kumi na tano, na kila mtu aliniambia bado kuna muda, nami niliwaamini kwa sababu ilinifaa kuwaamini. Angenipenda kidogo angenisamehe upesi. Alinipenda sana, ndiyo maana akahesabu.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Msimamizi ameniletea fomu ya kuongeza miaka mitatu, inatakiwa kabla ya mwisho wa Aprili. Nitaisaini. Binti yetu akae pale nyumbani, pamoja na vyombo na yote. Mimi kulala kwenye kitanda cha mtu aliyeniambia nimechelewa, kisha Jumapili niende nikasimame kaburini kwake kama mgeni aliyealikwa, uso huo sina.

Usinijibu kwa haraka. Umechoka, nami naisikia katika barua zako.

Shemeji yako


Maktaba, 12 Machi

Shemeji,

Usisaini. Nakuomba kama mdogo wa mkeo, usisaini kitu.

Unamsingizia Dada. Hakuwa mtu wa kuhesabu makosa. Alikuwa akipoteza hata orodha ya mahitaji ya sokoni.

Ndani ya bahasha kuna kitabu cha tatu, diwani ndogo ya maombolezo. Nilikuwa nimeisahau nyuma ya kabati. Hiki ndicho cha mwisho alichosoma, mwezi wa Oktoba, akiwa amekaa palepale pake. Sijakifungua. Angalia kama nacho kina nukta, na kama zipo, basi zihesabu hizo kuwa neno lake la mwisho, kwa sababu zinakuja baada ya zile.

Binti yenu amekuwa mwembamba. Anahitaji mzazi mmoja aliye karibu. Fikiria hilo.

Shemeji yako


Kituoni, 2 Aprili

Shemeji,

Diwani ina nukta sita. Zote ni nyeusi, za penseli laini, zimekandamizwa. Zote ziko kando ya mistari ya faraja: aliyesamehe, aliyefika, aliyelala kwa amani. Hakuna hata moja iliyokosea ikaangukia kuku.

Hilo peke yake lingenitia shaka tu. Lakini mimi nasoma kila kilichoandikwa kwenye karatasi. Chini ya ukurasa wa 17 kuna muhuri wenu wa zambarau: kimepokelewa 4 Machi, mwaka huu. Kitabu ni kikuukuu, nadhani mlipewa na mtu, ndiyo maana ukasahau kwamba kwenu ni kigeni. Dada yako tulimzika Novemba.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa na kurasa kumi na saba.

Nauliza swali moja. Hizi ni zako. Na zile je?

Shemeji yako


Maktaba, 9 Aprili

Shemeji,

Zote ni zangu.

Kitabu kikifika mezani kwangu nakipitia ukurasa kwa ukurasa kabla sijakigusa. Palipochanika, palipolegea uzi, naweka nukta ya penseli pembeni, usawa wa jeraha, ili nikirudi na gundi nisipotee. Nikimaliza nafuta. Vile viwili vilikuwa bado kwenye foleni, na wewe ulisema vije vilevile. Pitisha kidole kwenye ukurasa wa 61, utakuta uzi unacheza. Wa 88 una mpasuko wa nusu kidole upande wa ndani. Kuku wako walikuwa kwenye jani linalotaka kudondoka. Dada hakuweka alama hata moja. Alikuwa anakula vipande vya mkate juu ya vitabu vyangu, hizo ndizo alama zake.

Nilijua tangu barua yako ya Februari. Ulipoandika ukurasa wa 88 nilikumbuka hata siku niliyoiweka nukta ile. Ningekwambia kwa mstari mmoja ukapumzika. Sasa nakwambia kwa nini sikukwambia, na ukishamaliza kusoma fanya utakavyo.

Jumamosi ile daktari alituambia amebakiza wiki tatu. Jumapili asubuhi Dada aliniambia, "Mpigie mume wangu aje." Uliniuliza kama alikuulizia hata mara moja. Alikuulizia hivyo, kwa maneno hayo. Nikasema nitapiga. Sikupiga. Jumatatu sikupiga. Nilijiambia wiki tatu ni nyingi, likizo yako iko karibu, njia ni mbaya. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja lililo sababu. Sababu ni kwamba nilimtaka peke yangu. Miaka ishirini na sita, ukishuka mlimani mimi nilikuwa nageuka mtu wa kubisha hodi. Mwaka ule wa ugonjwa alirudi kuwa dada yangu, tunakula sahani moja, tunasema watu, tunacheka kama tuko chini ya shuka moja utotoni. Nilijua ukifika nitarudi jikoni kupika chai ya wageni. Nikasema, siku mbili tatu tu ziwe zangu. Zikawa ndizo zote zilizokuwepo.

Msibani watu walipokuwa wananong'ona kwamba mume alikuwa kazini, mimi nilikuwa nagawa vikombe, nikanyamaza. Na barua yako ilipofika, inasema Dada amekulaumu, nilipumua, Shemeji. Nakuandikia jambo hilo kwa sababu ndilo baya kuliko yote. Nilipumua. Nilifurahi kwamba kuna mwingine wa kubeba. Ni pale ulipotaja fomu ndipo nilipoona kwamba ninakuzika na wewe, nikachukua penseli kukutoa, na hata hapo nikaona bora nimsingizie marehemu kuliko kujitaja.

Majuto ni mjukuu, wangu amekuja na mizigo yake na hana mpango wa kuondoka. Sikuombi kitu. Usisaini tu kwa sababu ya uzi.

Shemeji yako, kama bado


Kituoni, 21 Mei

Shemeji,

Nimekawia kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kuandika. Barua tatu nimezichana. Ya kwanza ungeisoma tusingesalimiana tena. Ya pili ilikuwa ya mtu mwema sana ambaye si mimi. Ya tatu ilikuwa na tarehe tu.

Ungepiga Jumapili ningefika Jumatatu jioni. Hesabu hiyo nimeifanya kila siku, saa tatu na saa tisa, pamoja na vipimo. Ningekuwa naye usiku mmoja, asubuhi moja, na kipande cha mchana. Hicho ndicho ulichoninyima. Si kidogo, na sitakwambia ni kidogo. Kuna siku nilimwambia mpishi kwamba nina shemeji mwizi. Akaniuliza ameiba nini, kisha akanipa chai.

Nilikwenda kuutazama ukurasa wa 61. Uzi umelegea kweli. Nilikaa pale nikiusukuma kwa ukucha, nikafikiri kwamba tangu Februari nilikuwa naongea na uzi, namwomba radhi, namjibu. Nilijisikia mjinga. Halafu kesho yake nikamkosa hata huyo. Alikuwa ananilaumu lakini alikuwa anazungumza.

Hilo la kumtaka peke yako nimelifikiria zaidi kuliko ulivyodhani. Likizo zangu zilikuwa siku thelathini kwa mwaka, na nilikuwa nafika nimezishika kama mtu aliyeshika tikiti, nataka kila dakika yangu. Nilikuona ukiondoka mlangoni mara nyingi. Nilidhani una haraka zako. Sisemi haya kukupunguzia. Nasema kwa sababu ni kweli.

Fomu sikuisaini. Usijipongeze. Asubuhi ya tarehe thelathini niliitazama nikaona sina nguvu ya kuandika jina langu mahali pane, na tarehe ikapita. Nashuka mwishoni mwa Juni. Tukikutana mlangoni sijui nitafanyaje. Huenda nikakupa mkono, huenda nikakupita. Neno la kusamehe halijafika, na sitaki kuliandika kabla halijafika, nawe umekwisha kunifundisha ubaya wa hilo.

Vitabu vyako vinarudi na gari hili, vyote vitatu. Vina maneno mazuri. Mtafiti wako amewahoji watu mia moja na kumi na wawili, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mle chumbani. Wewe ulikuwemo. Niandikie Jumanne ile, tangu alipoamka. Usinifariji, usijitetee, usiniombe radhi tena. Andika kama mimi ninavyoandika mvua: saa, na kilichokuwepo.

Shemeji yako


Maktaba, 30 Mei

Shemeji,

Daktari aliandika saa nane na dakika tano mchana. Naanza na hilo ili nisilazimike kuishia nalo.

Saa moja na nusu aliamka. Maumivu yalikuwepo, lakini si kama ya Jumatatu. Alikunywa chai nusu kikombe, akasema haina sukari. Ilikuwa nayo.

Saa tatu aliitazama saa ya ukutani akasema, "Sasa anasoma kipimajoto chake." Kisha akajicheka. "Aa, leo hasomi. Yuko njiani." Kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwambia. Jambo hili sikuliandika Aprili, nilishindwa. Jumapili jioni aliniuliza kama nimekupata kwenye simu. Nikasema nimekupata. Nikasema ulinyamaza kidogo, kisha ukasema unakuja, ila gari la kushuka ni la Jumatatu mchana, na barabarani utalala. Akasema, "Hivyo ndivyo alivyo, hunyamaza kwanza."

Saa nne nilimwosha uso na mikono. Saa tano nilimchana nywele. Alitaka gauni la kijani, nikamwambia limekatika kifungo. Akasema wewe hujawahi kuona kifungo chochote maishani mwako, unaona mawingu tu. Nikamvisha. Akataka kioo, akajitazama, akanirudishia.

Saa sita aliuliza utakuwa umefika wapi. Nikasema labda darajani. Akahesabu kwa vidole: mlima, daraja, stendi ya kubadilisha gari, kona ya kwetu. Akasema, "Saa tisa, ikichelewa sana kumi." Akanituma nikakutandikie kitanda cha chumba cha pili na nikuwekee maji ya kuoga. Nilikwenda, Shemeji. Nilitandika shuka safi, nikalinyoosha, nikajaza ndoo mpaka juu, nikaweka sabuni na taulo, nikijua hakuna mtu anayekuja. Nilisimama pale kwenye ndoo nikasema nitoke nikapige simu sasa hivi. Halafu akaniita.

Saa saba na nusu nilikuwa nimekaa pembeni yake nimemshika mkono. Dirisha lilikuwa wazi, wanafunzi wanarudi shuleni baada ya chakula, wanapiga kelele. Nikataka kulifunga, akakataa. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akaanza kuzungumza taratibu, macho yamefumbwa vilevile. Alisema: "Akifika usimlete huku mbiombio. Atakuwa amechoka na njia. Mwache aoge, ale, alale kidogo. Mimi nipo tu."

Shemeji yako